Kompresheni Kwanza, Cheche Baadaye

Leo wachumba na mawifi tunawaweka kando, maana meza yangu imejaa barua za watu wanaotaka kutengeneza injini. Si kufungua na kufunga ya bodaboda, la. Wanataka kuikereza wenyewe nyumbani, injini ndogo ya kukaa kiganjani, inywe petroli na kunguruma kweli. Mmoja anauliza kama anaweza kuanza na V8. Mwingine, binti, anauliza kama mumewe ana haki ya kumwambia karakana si mahali pa mwanamke. Wewe binti jibu lako ni fupi: hana. Tuendelee.

Wewe wa V8, sogea hapa. Silinda nane ni pistoni nane, konrodi nane na valvu 16, na injini ikigoma hutajua yupi kati yao ndiye mkorofi. Edgar Westbury, Mwingereza aliyechora injini ndogo kwa miaka mingi katika jarida la Model Engineer, jarida lililoanzishwa 1898, ana injini ya silinda nne iitwayo Seal, ya sentimita za ujazo 15. Ni nzuri mpaka unatamani kulia, lakini ni kazi ya mtu ambaye mikono yake imeshazoea. Michoro yake mingi ni ya silinda moja. Anzia huko.

Mimi ningekuchagulia ile injini ya shambani ya Marekani ya mwanzoni mwa karne ya 20: silinda moja iliyolala, magurudumu mawili mazito ubavuni, na maji ya kuipoza yanayochemka juu yake kwenye tangi lililo wazi. Uzuri wake ni huu. Ikishapata kasi ya kutosha, kidhibiti kinaizuia valvu ya moshi isifunge, basi injini inazunguka bure kwa uzito wa magurudumu tu, inahema, fyu, fyu, fyu. Kasi ikishuka, valvu inaachiwa, petroli inaingia, tuf! Kisha inarudi kuhema. Valvu ya kuingizia haihitaji hata kamu, kwani springi yake ni laini na mvuto wa pistoni ndio unaoifungua. Inabaki kamu moja tu, ya valvu ya moshi, inayoendeshwa na gia yenye meno mara mbili ya ile ya krankshafti. Na kwa kuwa inakwenda polepole, hata makosa yake unayaona kwa macho.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengi mnapokwama. Ukichukua injini kubwa ukapunguza vipimo vyake vyote hadi robo, ujazo wa silinda haupungui mara nne. Unapungua mara 64. Lakini eneo la kuta za ndani, zile zinazonyonya joto, limepungua mara 16 tu. Maana yake kila tone la mchanganyiko wa hewa na petroli limezungukwa na chuma mara nne zaidi kinacholiibia joto. Na uvujaji mdogo ambao injini ya lori isingeushtukia unaiua kabisa hii ya kwako. Ndiyo maana barua zenu za kuuliza plagi gani, koili gani, kabureta ya aina gani, zinaanzia mwisho. Cheche haina la kuwasha kama hakuna kilichobanwa.

Kwa hiyo muda wako na uishie kwenye shimo la silinda. Tumia chuma cha kusubu, kile cha jamii ya drami za breki, kwa silinda na kwa pistoni pia. Aluminiamu ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma hicho, kwa hiyo pistoni yake lazima iachiwe nafasi, na nafasi hiyo ndiyo mlango wa kuvuja. Ukishakereza shimo, usiamini kwamba limenyooka. Chukua fimbo ya aluminiamu inayopita kwa shida, ipake dawa ya kusagia valvu, ile laini, kisha sugua taratibu ukipita urefu wote. Fimbo iwe laini kuliko silinda ili mchanga wa dawa hiyo ung'ang'anie kwenye fimbo. Halafu osha kwa mafuta ya taa, osha kwa sabuni na maji ya moto, osha tena. Mchanga ukibaki humo utaendelea kula pistoni kila injini inapozunguka. Wapo wanaoweka ringi moja ya mpira unaostahimili joto, na kwa injini inayopozwa kwa maji inafanya kazi. Hakuna atakayekucheka.

Kabla ya kutafuta koili, funga kichwa, tia oili kidogo, ziba tundu la plagi kwa kidole, zungusha gurudumu. Lazima lirudi nyuma lenyewe kwa nguvu. Lisiporudi, paka povu la sabuni kwenye valvu na gasketi utazame mapovu yanatokea wapi.

Pesa? Usikimbilie mkopo wa VICOBA kununua mashine kubwa. Maikromita nzuri na vania vitangulie, halafu mashine ndogo ya kukereza, hata iliyokwisha kutumika. Krankshafti mpelekee fundi kereza mwenye uzoefu, umlipe, usimame pembeni ujifunze. Kwa bodi, pistoni mbovu za magari zikiyeyushwa hutoa aluminiamu nzuri ya kusubu, na mafundi wa sufuria wanaijua kazi hiyo. Ila ni nyuzijoto 660 na zaidi, na kalibu yenye unyevu hurusha chuma cha moto usoni. Waachieni wenyewe.

Na binti yangu, kwenye mashine inayozunguka mtandio unavuliwa, nywele zinafungwa, mikufu inawekwa chini. Glovu nazo hapana, hata kama mikono ni ya bibi harusi. Mwambie na huyo mumeo avue tai.

Siku ya kuiwasha, itoeni nje uani. Moshi wa injini ndogo una sumu ileile ya kubwa, na chumba cha uani chenye dirisha moja hakitoshi.