Neno "Ploti" Baina ya Fasihi na Ardhi: Mfano wa Diani

Mwanafunzi wa fasihi alisikiapo neno "ploti", fikra zake huelekea kwenye mpangilio wa matukio katika riwaya. Akilitamka Diani, katika Kaunti ya Kwale, huenda akaulizwa bei. Makala haya yanachunguza neno hilo la mkopo na mipaka ya visawe vyake.

Katika Kiingereza, maana kongwe ya neno hili ni kipande cha ardhi. Maana ya njama ilijitokeza katika karne ya 16, na ya masimulizi ikafuata karne ya 17. Kiswahili hakikuzipokea zote. "Njama" tulikuwa nayo. Katika fasihi, "ploti" hushindana na "msuko", na "msuko" ndilo bora: asiyewahi kusoma nadharia yoyote, lakini amewahi kuona ukili ukisukwa, hulielewa.

Uzito wa suala uko kwenye ardhi. Diani husemwa "ploti ya bichi" na "ploti ya mstari wa pili", kando ya "kiwanja", "shamba" na, kwa Kidigo, "munda". Je, haya ni visawe? La. Shamba hutambulika kwa kilichopandwa na aliyekipanda: shamba la minazi, shamba la babu. Ploti hutambulika kwa nambari yake. Kwa desturi ya Pwani, mnazi uliweza kuwa wa mtu mmoja na udongo wa mwingine. Kwa hiyo sentensi "ameuza shamba" ina utata ambao "ameuza ploti" haina.

Utata huo haukuwa wa kisarufi tu. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai katika ukanda wa Pwani wayaandikishe, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Wadigo wengi hawakupata hati. Ndipo mkopo mmoja ulipoleta mwingine: aliyezaliwa chini ya minazi ya babu yake akaitwa "skwota".

Kwa upande mwingine, Kaya Kinondo, msitu mtakatifu ulioingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2008 pamoja na makaya mengine ya Mijikenda, hauitwi shamba wala ploti. Kamusi inayofasiri "ploti" kuwa "kiwanja" na kuishia hapo haimwelezi msomaji ni vipi mtu wa Diani huweza kuwa na shamba, akaambiwa hana ploti.