Lugha, Ufadhili na Mwanamuziki Chipukizi wa Pembezoni: Mfano wa Njombe na Makambako

1.0 Utangulizi

Mijadala mingi kuhusu muziki wa Tanzania huanzia Dar es Salaam na kuishia huko huko. Mikoa hutajwa kama chimbuko la msanii, si kama mahali pa kazi yake. Makala hii inachunguza suala la kuwasaidia wanamuziki chipukizi katika kata za pembezoni za miji ya Njombe na Makambako, kama vile Uwemba, Yakobi na Mahongole. Hoja yetu ni kwamba wafadhili waliotangulia walimsaidia mwanamuziki kwa kumtenga ama na lugha yake ama na hadhira yake. Msaada wa leo hauna budi kupimwa kwa kigezo hicho.

2.0 Mazingira ya Lugha

Mkoa wa Njombe ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka mkoa wa Iringa. Humo huzungumzwa Kibena, Kikinga, Kipangwa na Kiwanji, lugha ambazo Guthrie aliziweka pamoja na Kihehe na Kisangu katika kundi la G60. Katika mwambao wa Ziwa Nyasa, wilayani Ludewa, wapo pia Wamanda, ambao ngoma ya mganda ni sehemu ya urithi wao.

Makambako ina sura yake ya pekee. Mji huu uko katika njia panda ya barabara kuu iendayo Zambia na ile ya Songea, na una stesheni ya reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976. Njia hizo zimewakutanisha Wabena, Wakinga, Wahehe, Wangoni na wengineo. Kwa hiyo, vijana watano wanaounda kikundi cha muziki huweza kutoka katika jamii-lugha tatu au nne. Lugha wanayoshirikiana wote ni Kiswahili. Ni kosa, basi, kukiona Kiswahili kama adui wa muziki wa hapa, maana bila hicho kikundi chenyewe kisingekuwapo. Swali ni jinsi ya kuzipa lugha nyingine nafasi kando yake.

3.0 Wafadhili Watatu wa Awali

Mfadhili wa kwanza ni kanisa. Wamisionari wa Berlin waliingia Nyanda za Juu Kusini mwaka 1891, na kazi yao ni mojawapo ya misingi ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la leo. Kwaya ilikuwa, na ingali, shule ya muziki iliyo karibu zaidi na kijana wa kijijini: humo hujifunza sauti nne, nidhamu ya mazoezi na kuimba mbele ya watu. Hata hivyo, kwaya huwa na mipaka ya maudhui, na tenzi nyingi zilizotafsiriwa zilikuja na lahani za Kijerumani zilizokwisha kutungwa.

Mfadhili wa pili ni shirika la umma. Mfano wa jirani ni Tancut Almasi Orchestra ya Iringa, iliyomilikiwa na kiwanda cha kuchonga almasi. Mwanamuziki alipata ajira na vyombo bila kuhamia Dar es Salaam. Lakini vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Mashirika ya aina hiyo yalipoyumba, bendi zao nazo ziliyumba.

Mfadhili wa tatu ni Redio Tanzania Dar es Salaam, iliyochukua nafasi ya Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1965. Redio hiyo iliwapa wasanii wa mikoani hadhira ya taifa zima. Hata hivyo, bendi za mikoani zililazimika kusafiri hadi Dar es Salaam ili zirekodi, na lugha ya bendi ilikuwa Kiswahili. Lugha za makabila zilisikika zaidi katika ngoma za asili, zikahesabiwa kuwa kumbukumbu za kale, si sanaa inayoendelea kuzaliwa.

4.0 Toni, Mkazo na Studio

Mgawanyo huo una athari katika fani yenyewe. Kiswahili ni lugha ya mkazo, nao kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kibena na Kihehe ni lugha za toni. Mtunzi wa Kibena anapopandisha au kushusha sauti hafuati ladha tu, bali pia hupambana na maana ya neno. Katika studio nyingi za leo mdundo hutengenezwa kwanza, kisha maneno hupachikwa juu yake. Utaratibu huu huyafaa zaidi maneno ya Kiswahili. Mtayarishaji asiyejua tofauti hii huweza kudhani kwamba msanii hajui kuimba, kumbe ni lugha yake inayodai lahani nyingine.

Kwamba mchanganyiko unawezekana kulithibitishwa na kundi la X Plastaz la Arusha, lililoanzishwa katika miaka ya 1990. Albamu yao ya mwaka 2004 iliweka Kimaasai na Kiswahili katika muziki wa kufokafoka, nayo ikasikika Ulaya. Kundi hilo halikuzificha lugha zake ili lisikike. Upekee wake ulitokana na lugha hizo.

5.0 Mapendekezo

Kwanza, vyombo na studio ndogo viwe mali ya vikundi. Njia ipo: halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake (4), vijana (4) na watu wenye ulemavu (2). Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Maafisa utamaduni wavisaidie vikundi vya muziki kuandika maombi kama wanavyofanya wafugaji na mafundi seremala.

Pili, elimu ya hakimiliki itolewe mapema. Sheria ya mwaka 1999 humlinda mtunzi wa wimbo wa Kikinga sawa na wa Kiswahili, lakini ulinzi huo haumfai asiyeujua.

Tatu, idara za Kiswahili na isimu zishiriki. Wanafunzi wa uzamili waandike matini za nyimbo hizi, waonyeshe toni zake na sehemu ambapo msanii hubadili msimbo, kisha warudishe matokeo kwa watunzi wenyewe.

6.0 Hitimisho

Historia tuliyoidurusu haionyeshi uhaba wa wafadhili. Inaonyesha wafadhili waliotoa kwa sharti, na sharti hilo mara nyingi halikusemwa. Mradi wowote wa kumsaidia mwanamuziki wa Mahongole au Uwemba uulizwe jambo moja: baada ya kusaidiwa, je, msanii huyu ataweza bado kuwaimbia waliomfundisha kuimba, kwa lugha waliyomfundishia? Ikiwa jibu ni hapana, mradi huo utakuwa umemkuza msanii na kuidhoofisha sanaa iliyomlea.