Corona ilikuwa kali kiasi gani?

SWALI: Daktari, mwaka 2021 hapa Handeni tulizika wazee mfululizo, na ndugu zetu wa Korogwe vilevile, ila redioni vifo vilikuwa vichache. Tuamini nini?

JIBU: Wasiwasi wenu una msingi. Takwimu za taifa zilisimama Mei 2020 kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, zikarejea 2021. Anayefia nyumbani bila kupimwa haingii kwenye hesabu. Ndiyo maana wataalamu hulinganisha vifo vyote na vya miaka ya kawaida: kwa 2020 na 2021, Shirika la Afya Duniani lilikadiria ziada ya vifo milioni 14.9 duniani, karibu mara tatu ya vilivyotangazwa. Mazishi ya kijiji kimoja hayatoshi kupima ukali. Sajilini kila kifo, kisichoandikwa hakihesabiwi.