Wimbo wa Kwaya Ni Mali ya Nani?

Mwalimu wa kwaya pale Mbinga anatunga wimbo, anauandika kwa nota za d-r-m daftarini, anawafundisha wanakwaya sauti nne, kisha kwaya inaingia studio Songea. Baadaye wimbo uleule unasikika redioni kwa jina la kwaya nyingine.

Mwalimu, wimbo ni wako. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mtunzi haki tangu anapoutunga, hata kama hajausajili. Haki hiyo inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo wanawe wanairithi. Kama umeajiriwa na kutunga ni sehemu ya ajira yako, haki za mapato ni za mwajiri, isipokuwa mkataba useme vingine. Walimu wengi wa kwaya wanajitolea tu, hilo haliwahusu.

Kinachowaangusha watunzi ni kukosa ushahidi. Wimbo wa Malaika umeimbwa na Miriam Makeba hadi Boney M, lakini mpaka leo watu wanabishana kama aliyeutunga ni Fadhili William aliyeurekodi au Adam Salim. Kwa hiyo lile daftari lisitupwe. Andika jina lako, tarehe na saini chini ya nota, na wanakwaya wawili washuhudie. Halafu usajili wimbo COSOTA, ambayo sasa ni Ofisi ya Hakimiliki Tanzania.

Studio nako, kuwa macho. Prodyuza aliyebuni biti ana haki katika alichobuni, lakini kurekodi tu hakumfanyi mtunzi wa wimbo wako. Mwandikiane kabla ya kulipana, hata ukurasa mmoja: nani katunga nini, na mapato yatagawanywaje. Usisaini karatasi inayosema umekabidhi haki zote kama hujaielewa.

Kule Ziwa Nyasa, Mbamba Bay na Liuli, kuna mganda na kioda. Ngoma hizi ni za jamii, hazina mtunzi mmoja. Ukitia maneno yako kwenye mapigo ya mganda, maneno ni yako. Mapigo hayawi yako. Anayetaka kutumia ngoma hizi kibiashara nje ya mila anapaswa kupata kibali cha BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na mahali pa kuanzia kuuliza ni kwa afisa utamaduni wa wilaya.

Ukikuta wimbo wako umechukuliwa, mwandikie mhusika barua ya madai na ubaki na nakala. Akikaidi, unaweza kuiomba mahakama imzuie kuutumia na akulipe fidia.