Dondoo Muhimu: Wikendi Longonot na Marafiki

Kilele cha Mlima Longonot kina urefu wa mita 2,776, na njiani hakuna maji wala kivuli cha maana. Kila mtu abebe lita 2 zake. Chupa ya mwenzako usiitegemee, naye ataona kiu.

Kiingilio hakilipwi kwa pesa taslimu. Chajini simu na muweke salio kabla ya kutoka Nairobi.

Vumbi la volkano huteleza kama unga, hasa mkishuka. Vaeni viatu vyenye meno, msikimbie. Anayetembea polepole atangulie, kwani akibaki nyuma peke yake ukingoni mwa kreta, akiteguka mguu hakuna atakayejua.

Wenye gari, kagueni gurudumu la akiba na jeki. Wa matatu, ulizeni nauli kabla ya kupanda na mtenge ya kurudi. Jioni ya Jumapili hupanda.

Mkipitia mbuga ya Hell's Gate, hapa msifanye mzaha kabisa: mawingu yakitanda, msishuke korongoni. Mafuriko ya ghafla yaliua watu humo mwaka 2012 na tena 2019. Mvua inaweza kunyesha mbali, nanyi mmesimama juani. Mwongozaji akisema mrudi, rudini papo hapo, hata kama mmeshalipa.