Hebu Yahoji Mawazo Yako!
Umepata 28 kwenye hesabu, na tayari kichwani unasikia: "Mimi kilaza tu, baba atanifukuza." Subiri kwanza! Miaka ya 1960 daktari Aaron Beck wa Marekani aliona kwamba mawazo ya ghafla kama hayo huwaumiza watu, na mara nyingi si ya kweli. Akawafundisha wagonjwa wake kuyahoji. Hata wewe unaweza. Chukua daftari, andika wazo lenyewe. Halafu uliza: ushahidi uko wapi? Baba alishamfukuza nani? Na Kiswahili je, si ulipata 70? Andika jibu la haki, siyo la kujisifu. Fanya mchana, usiku mawazo huwa makali. Ila ukianza kuwaza kujiua, daftari halitoshi: mwambie leo leo mtu mzima unayemwamini.