Mkopo wa Simu: Tuliukubali Kabla Sheria Haijafika

Kabla ya 2007, ukiwa Nairobi na unataka kumtumia mama pesa Kakamega, ulipitia Posta, dereva wa basi au jamaa anayesafiri. M-Pesa ilipoanza Machi mwaka huo, watu hawakungoja kushawishiwa sana. Shida ilikuwepo, simu ilikuwa mkononi, na wakala alikuwa mwenye duka wanayemjua. Benki Kuu ya Kenya iliiruhusu huduma iendelee, lakini Sheria ya Mfumo wa Taifa wa Malipo ilikuja 2011.

Mikopo ya simu ilipita njia hiyo hiyo. Anayeuza mboga sokoni na anahitaji 2,000 za stoki alfajiri hawezi kungoja benki ifunguliwe. Apu inampa kwa dakika chache, bila mdhamini.

Ila hapa kuchelewa kwa sheria kuliumiza watu. Benki Kuu ilisimamia wanaopokea amana. Kampuni iliyokopesha pesa zake yenyewe haikuguswa. Baadhi zilichota namba zote kwenye simu ya mteja. Akichelewa kulipa, mwajiri, marafiki, hata wakwe wanapigiwa. Sheria ilibadilishwa Desemba 2021, na kanuni zikatoka Machi 2022: mkopeshaji lazima awe na leseni, na haruhusiwi kutumia namba za watu wako kukuaibisha.

Bado kazi ni ngumu. Apu ikifungwa leo, inaweza kurudi kesho na jina lingine. Kwa hivyo, kabla hujabonyeza "Kubali":

1. Tafuta jina la kampuni, si la apu pekee, kwenye orodha ya wenye leseni katika tovuti ya Benki Kuu.
2. Soma ruhusa inazoomba. Mkopo hauhitaji picha zako wala namba za jamaa zako wote.
3. Piga hesabu. Ukikopa 1,000 na kurudisha 1,150 baada ya mwezi, hiyo ni asilimia 15 kwa mwezi, si kwa mwaka.
4. Ukiambiwa utume "ada" kwanza ndipo upewe mkopo, usitume.

Je, mkopeshaji ameshaanza kuwasumbua watu wako? Hifadhi ujumbe wote, kisha ulalamike kwa Benki Kuu au kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kudaiwa si kosa la jinai, na deni lako halimpi mtu ruhusa ya kukuvunjia heshima.